Sinia la Biskuti kutoka Nkunga

Nkunga, Tukuyu
9 Juni 1974

Dada yangu Elina,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, pamoja na Shemeji Salimu na mtoto. Sisi huku tunaendelea. Mvua zimekwisha na baridi imeingia. Watu wa Isongole wanasema asubuhi wanakuta umande umeganda juu ya majani ya viazi. Baba anakohoa kidogo lakini bado anapanda mlima kwenda kwenye migomba yake bila kupumzika. Mimi nimemaliza kidato cha sita, na wakati nasubiri kuitwa nafundisha kisomo cha watu wazima hapa kijijini. Mwanafunzi wangu mkubwa kuliko wote ana mjukuu darasa la saba.

Kwenye bahasha nimeandika Bi Saada Salimu, kama mama mkwe wako alivyonielekeza, ili kifurushi kisipotee posta. Humu ndani mkono umeandika Elina kabla sijaamua. Usiniwekee moyoni.

Habari ya mtoto niliipata dukani kwa Mama Salimu, Bulyaga. Nilikwenda kununua chumvi, akaniambia, "Mdogo wake Saada, umekuwa mama mdogo tangu Aprili na bado unatembea kama mtu asiyejua kitu." Nilirudi nyumbani nikamwambia Baba akiwa anapepeta maharage. Hakuinua kichwa. Siku ya nne akaniuliza, "Huko Tanga kuna baridi?" Nikamwambia hakuna. Akasema, "Basi Elina anateseka. Hapendi joto." Miaka sita, Dada, tangu ulipoolewa, sikuwahi kumsikia akilitamka jina hilo.

Siku ile ile alituma salamu Kyela kwa rafiki yake Ambindwile, akaletewa mbegu za kakao zimefungwa kwenye jani la mgomba. Unakumbuka jinsi anavyofanya? Alizikaanga polepole, akaziambua maganda kwa vidole, akazisaga juu ya jiwe mara tatu mpaka zikaanza kung'aa. Alichemsha maziwa na sukari mpaka yakawa mazito. Biskuti nilizinunua mimi, paketi sita, nyingi zilikuwa zimevunjika, akasema ndivyo inavyotakiwa. Alizivunja zaidi kwa mkono, hakutaka kutumia kinu. Akatia mafuta, akachanganya vyote, akashindilia kwenye lile sinia la bati jeupe aliloachiwa na Wazungu wa shamba la chai aliokuwa akiwapikia, walipoondoka. Akaliweka sakafuni karibu na mlango. Asubuhi lilikuwa limeganda kama sabuni ya mche. Alilikata kwa kisu alichokichovya kwenye maji ya moto, vipande vyote sawa, kama vile bado kuna mama wa Kizungu atakayekuja kuvipima kwa macho.

Vipande hivyo ndivyo vilivyomo kwenye kopo. Nilimuuliza niandike nini kwa niaba yake. Akasema, "Andika zimetoka nyumbani." Basi zimetoka nyumbani.

Mdogo wako,
Ikupa


Tanga
21 Julai 1974

Ikupa, mdogo wangu,

Asante kwa barua na kwa kifurushi. Sisi ni wazima. Mtoto tumempa jina la Amri, na analia kwa sauti nene kama ya mtu mzima. Salimu bado yuko kwenye karakana ya reli. Tunakaa na shangazi yake, Bi Shamsia, ambaye amenilea humu ndani tangu nilipofika nisijue hata kukuna nazi. Sukari inapatikana kwa shida, na mchele tunagawana na majirani.

Kopo lilifika likiwa limelainika kidogo pembeni kwa sababu ya joto, lakini halikuharibika. Tulikula wote. Bi Shamsia alipenda kupita kiasi, amenisumbua nikuombe maelezo ya kutengeneza ili apike kwa ajili ya Idi ya mwezi wa kumi. Basi niandikie, tafadhali. Usiandike kama ulivyoandika mara ya kwanza, kwa mapambo. Andika kila kitu kilichoingia kwenye sufuria, kimoja baada ya kingine, usiache hata kimoja.

Mwambie Baba nimepokea.

Dada yako,
Saada


Nkunga
30 Agosti 1974

Dada,

Amani iwe nanyi nyumbani kwenu. Baba ameacha kukohoa. Ng'ombe mwekundu amezaa. Kijiji kimeunda kamati ya chakula na Baba amechaguliwa, ingawa kwenye mkutano wa kwanza alikaa tu akasikiliza, kisha akasema uji wa shule unaungua kwa sababu mpishi anaongea sana. Wanafunzi wangu wa kisomo sasa wanaandika majina yao. Mmoja alilia alipoona jina lake ubaoni, nikashindwa kuendelea na somo.

Unaona jinsi ninavyozungukazunguka. Barua yako imekaa kwangu wiki nne, na kila nikishika kalamu naandika habari za ng'ombe.

Nilipoipokea niliisoma kwa sauti hapo nje, kana kwamba najisomea mwenyewe, Baba akiwa anachonga mpini wa jembe karibu yangu. Nilipofika mahali uliposema mlikula wote, alisimamisha kisu. Uso wake ulilegea, Dada. Ulikuwa uso ambao sijauona tangu Mama alipofariki. Nikaendelea kusoma, na nilipofika kwenye maneno yako "usiache hata kimoja", nikaruka mstari ule.

Sasa nakuandikia kilichoingia kwenye sufuria. Kakao, kikombe kimoja na nusu baada ya kusagwa. Sukari vikombe viwili. Maziwa mabichi chupa moja. Biskuti paketi sita. Na mafuta ya nguruwe, vijiko vikubwa kumi, kutoka kwenye kopo la rafu ya juu, ya yule nguruwe tuliyemchinja Pasaka.

Nilimwona akilishusha lile kopo. Nilikuwa nimesimama mlangoni na kuni mkononi. Siagi ya dukani hatujaiona tangu mwaka jana, na wewe unajua kwamba hata kule kwa Wazungu, siagi ikikosekana, alikuwa anatumia hayo, akiyachuja mara mbili mpaka yanakuwa meupe yasiyo na ladha, na hakuna aliyewahi kugundua. Nilijua unakaa nyumba ya namna gani. Nilijua kabla mafuta hayajaingia kwenye sufuria. Ningeweza kusema neno moja.

Sikulisema. Namjua Baba: angefunika sufuria, angetoka nje, na jina lako lisingetajwa tena katika nyumba hii. Ndivyo nilivyojiambia. Nimefikiri sana tangu hapo, na naona kuna jambo jingine chini yake, baya zaidi. Nilipenda kuwa mtu pekee anayejua pande zote mbili. Wewe huna mtu mwingine huku ila mimi, naye hana njia ya kukufikia ila mimi. Nikaacha mafuta yaingie ili njia ile isikatike mikononi mwangu.

Nimewalisha watu wa nyumba yako kitu walichokatazwa na dini yao. Bi Shamsia ambaye hajanikosea lolote. Sijui utafanya nini na maneno haya. Ukitaka kuwaambia, waambie ni mimi, maana Baba sijamuuliza bado kama alifahamu anachofanya. Naogopa jibu lake.

Ikupa


Nkunga
27 Oktoba 1974

Dada Elina,

Natumaini mmesherehekea Idi salama, na Amri ameanza kukaa. Huku mvua za kwanza zimenyesha na watu wako mashambani. Wiki nane sasa sijapata neno kutoka kwako. Nilipita Bulyaga, Mama Salimu akasema anapata barua zenu kama kawaida, basi nimeelewa kwamba posta haina kosa.

Nimemuuliza Baba. Nitakuandikia kama ilivyokuwa.

Nilimwambia, "Baba, mafuta ya lile sinia la Elina yalikuwa mafuta gani?"

Akasema, "Ulikuwapo. Unauliza nini?"

"Nyumba aliyoolewa hawali."

"Mimi sikuipikia nyumba. Nilimpikia Elina, kama anavyopenda."

"Elina ana nyumba, Baba. Ana mume anaitwa Salimu. Ana shangazi wa mume. Anaswali."

"Nani aliniambia?"

"Ulikataza tusikuambie."

Alichukua jembe, akalirudisha pale pale. Nilidhani amemaliza, nikainuka, lakini akaniita.

"Alikula?"

"Ameandika walikula wote."

"Hapana," akasema. "Mtoto aliyeshika mwiko jikoni kwangu miaka kumi? Yule angeijua harufu kabla hajafunua kopo. Hawakula, Ikupa. Hakuna aliyekula."

"Sasa kwa nini ameandika hivyo?"

"Muulize mwenyewe," akasema. Kisha akakaa juu ya gogo na kuweka mikono magotini, na mpaka mvua ilipoanza alikuwa bado amekaa hapo. Nilimwita aingie ndani. Akasema anatazama mvua.

Naamini kwamba hakukusudia ubaya. Naamini kwamba kwa miaka sita alijizuia kufikiri uko wapi na unaishi vipi, na akafanikiwa mno, kiasi kwamba alipotaka kukupikia hakumpata mtu wa kumpikia ila yule msichana aliyeondoka hapa. Lakini haya ni maneno yangu. Yeye hajayasema.

Nakuuliza kama alivyoniagiza. Mlikula?

Ikupa


Tanga
24 Novemba 1974

Ikupa,

Sisi hatujambo. Amri anakaa. Bi Shamsia aliugua homa akapona.

Baba amesema kweli. Hakuna aliyekula.

Nilikuwa peke yangu kopo lilipofika. Nilifungua uzi, nikainua kifuniko kidogo tu, na harufu ikanijia: kakao kwanza, na nyuma yake ile nyingine, ambayo mtu asiyelelewa kwetu asingeisikia kamwe. Nililiweka kopo chini. Bi Shamsia alikuwa sokoni. Nilichimba nyuma ya nyumba, kwenye mchanga karibu na mnazi, nikafukia vyote, hata kopo. Nikaosha mikono mara saba, moja ya hizo kwa udongo, kama nilivyofundishwa. Aliporudi nilimwambia kifurushi kimeoza njiani. Alinionea huruma. Alisema, "Pole mwanangu, mkono wa baba yako umefika hata kama chakula hakikufika." Nikaingia chumbani nikakaa.

Usifikiri nilikasirika kwa sababu ya nguruwe. Mtu asiyejua akikosea, dini inamsamehe. Nilikasirika kwa sababu nilisubiri miaka sita, na kilichokuja hakikuja kwangu. Kilikuja kwa Elina wa Nkunga, kana kwamba mimi ninayekaa hapa, niliyezaa hapa, bado sijazaliwa machoni pake.

Nikakuandikia kwamba tulikula. Nilitaka kuona utafanya nini. Nilikuuliza uandike kila kitu ili nijue kama katika nyumba ile kuna mtu mmoja ambaye hatanidanganya. Ulijibu vizuri kuliko nilivyouliza, na ndipo nikaona aibu, maana mwongo nilikuwa mimi. Barua yako ya Agosti imechanika kwenye mikunjo. Nilishindwa kuijibu.

Sasa sikia jambo lililo mbele. Salimu atapata likizo mwezi wa pili, na tutakuja Bulyaga kumwonyesha mama yake mjukuu. Nkunga sitafika. Usinibembeleze. Nimelifikiria hili nikiwa na akili timamu. Nikiingia nyumbani kwa Baba ataweka chakula mbele yangu, maana hajui njia nyingine ya kumkaribisha mtu. Nikila, nitakuwa nimeikana nyumba yangu. Nikikataa, nitakuwa nimemtukana mbele ya mwanangu. Siwezi kuingia mahali ambapo pana milango miwili tu na yote miwili inanitoa nje.

Kama ukiona ni vyema kumsomea barua hii, msomee. Kama hapana, ichome.

Saada


Nkunga
12 Januari 1975

Dada yangu Saada,

Heri ya mwaka. Baba mzima, mimi mzima, na ndama amekua. Nimepata barua ya chuo cha ualimu, nitaondoka Mei.

Nilimsomea yote. Sikuruka mstari. Nilisoma mpaka milango miwili, nikakunja karatasi. Baba aliinuka akatoka nje. Nilidhani nimekupoteza na yeye nimempoteza siku hiyo hiyo.

Jumamosi iliyopita alivaa koti lake la kanisani, akanichukulia fimbo nyingine, akasema, "Twende." Tulitembea mpaka Bulyaga. Alikuwa amebeba kakao kwenye mfuko wa kitambaa na chupa ya maziwa. Alipofika mbele ya duka la Mama Salimu akavua kofia na kupiga hodi kama mgeni.

Mama Salimu alitoka akifuta mikono kwa kanga. Akamtazama kutoka juu hadi chini. "Mzee Meshaki. Umepotea njia?"

"Sijapotea."

"Miaka sita unapita hapa shingo imegeukia mlimani, nikadhani una ugonjwa."

Baba akasema, "Mama Salimu, nimekuja kuuliza. Katika nyumba yenu, mafuta ni yapi?"

Dada, yule mama ana ulimi, unajua. Lakini safari hii aliifunga tu kanga yake upya. Kisha akasema, "Samli. Ipo ya kutosha."

"Naomba na sufuria. Na mwiko. Na sinia. Vyangu havifai."

Alisema neno hilo, havifai, mbele ya watu wawili waliokuwa wananunua mafuta ya taa, mtu ambaye kwa miaka kumi na tisa hakuruhusu hata mke wa meneja aguse sufuria zake.

"Nawa mikono," Mama Salimu akamwambia.

"Nimenawa nyumbani."

"Nawa hapa."

Akanawa. Mama Salimu mwenyewe alimmiminia maji.

Kisha ulimi wake ukarudi. Alikaa kwenye kigoda na kumsimamia tangu mwanzo mpaka mwisho. "Usikoroge kwa hasira, sufuria haijakukosea." "Hii ndiyo Mzungu alikuwa anakula? Ndiyo maana akaondoka." Baba akamjibu, "Mzungu alikuwa ananyamaza wakati mpishi anafanya kazi." Mama Salimu akacheka mpaka akashika ubavu. Baba hakucheka, lakini alimwomba aonje utamu, na alipoambiwa bado, aliongeza sukari bila kubishana. Sijawahi kumwona akiongeza kitu kwa kuambiwa.

Walipomaliza kushindilia, Baba alibonyeza juu kwa kidole akatikisa kichwa. "Samli haishiki kama yale. Hapa itaganda, kwenye joto itayeyuka."

"Iyeyuke," Mama Salimu akasema. "Watakunywa."

Tuliliacha pale sakafuni kwake. Jumatatu Baba alikwenda peke yake kukata vipande. Ackson, kijana wa jirani yetu anayerudi kazini kwenye mashamba ya mkonge huko Tanga, ndiye anayekuletea kopo hili pamoja na barua. Nilimuuliza Baba niandike nini kwa niaba yake, na safari hii alikuwa na maneno. Alinisimamia nilipokuwa nayaandika, kisha akaniambia nimsomee, nikamsomea:

"Nimepika Bulyaga, kwa mama mkwe wako, kwa vyombo vyake. Nilikosea mara ya kwanza kwa sababu sikuuliza. Sasa nimeuliza."

Sikuongeza kitu na sikupunguza.

Mdogo wako,
Ikupa


Tanga
2 Februari 1975

Ikupa,

Tuko wazima. Ackson amefika salama, kopo amelipakata njia nzima.

Kila kitu kiliyeyuka. Biskuti zilikuwa zinaogelea kama vipande vya muhogo kwenye mchuzi. Bi Shamsia alileta vijiko. Nilisoma maneno ya Baba kwa sauti, wakanisikiliza, kisha Bi Shamsia akanipa kijiko cha kwanza mimi, na hakuna aliyegusa mpaka nilipomeza. Salimu alisema tamu. Amri tulimpaka mdomoni.

Ladha si ile. Nakuambia kwa sababu tumeahidiana ukweli, ingawa hatujaandika mahali popote kwamba tumeahidiana. Ile ya utotoni sitaila tena maishani, na nililia kidogo kwa ajili yake, Bi Shamsia akadhani ni furaha. Ilikuwa yote mawili.

Tutafika Bulyaga tarehe ishirini na mbili, Mungu akipenda. Tarehe ishirini na tatu, asubuhi, nitapanda Nkunga na Amri. Mwambie Baba asipike. Mwambie hivyo hivyo, usilainishe: sitakula kwake, hata maji nitabeba yangu. Lakini sitakuja kupiga hodi na kuondoka. Aniwekee kiti. Nitakaa mpaka jioni.

Dada yako,
Saada